Zabibu za Kula Bila Kuosha

Baba mkwe wangu alikuwa na majivuno ya aina moja tu: shamba lake la mizabibu halikuwahi kuguswa na dawa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Urambo, majirani walilima tumbaku na kupewa mabomba ya kunyunyizia. Yeye aliomba aachiwe apande mizabibu, kwa kuwa misheni ilinunua zabibu zake kutengeneza divai ya misa. Viwavi waliliwa na kanga aliowafuga. Majani makavu ya porini aliyatandaza mashinani ili udongo usikauke. Mgeni akifika, lazima achumiwe kishada na kuambiwa ale papo hapo, bila kuosha. Mimi mkwewe nilikwishachoshwa na maonyesho hayo.

Jumapili moja mzee na mimi tulirudi kutoka kanisani. Mwanangu wa miaka miwili aliniponyoka, akakimbilia mizabibuni kama kawaida yake. Nilipomfuata nilisikia harufu ya dawa ya tumbaku. Kanga mmoja alikuwa amelala ubavu, anapapatika. Mtoto alikuwa na maji ya zabibu kidevuni.

Jirani yetu alitokea akitabasamu, bomba bado mgongoni. Alieleza kwamba viwavi walikuwa wengi, mzee amechoka, na dawa ya kijiji ilibaki, basi akaona atusaidie.

"Nimemaliza sasa hivi, dada," aliniambia. "Hata asante hamna?"

Nilimtia mtoto kidole kooni mpaka akatapika. Jirani alipoelewa alitupa bomba chini, akatupakia kwenye baiskeli yake. Njia nzima ya kwenda zahanati nilikuwa nikimfinya mwanangu asilale. Niliogopa kwamba akifumba macho hatayafumbua tena.

Mganga alimwosha, akamnywesha maji, akatuambia tungoje. Tulingoja mpaka jua likapungua ukali. Jirani alikaa nje muda wote, haingii wala haondoki. Hatimaye tukaruhusiwa kurudi.

Mzee alikuwa mlangoni, mikono ina udongo, ameshawafukia kanga wake. Mtoto alipomwona alichangamka, akanyoosha kidole mizabibuni.

"Babu, zabibu."

Mzee alimchapa ule mkono. Hakuwahi kumchapa hata siku moja. Mtoto akaangua kilio, na mzee akaketi pale pale chini, naye akalia.