Nilisema ni Mrija Tu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nimechoka kulibeba hili peke yangu, ndiyo maana nawaambia nyinyi msionijua.

Mimi ni mama mpika ajono huku Malaba. Ajono ni pombe yetu Wateso, ya wimbi. Mtungi unawekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa juu, wazee wanazunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Asiye na subira anachomeka ulimi, tunamcheka, baada ya siku mbili amesahau.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na kiti chake hapo. Alikuwa dalali wa ng'ombe soko la Adungosi, na aliishi kwa mdomo wake. Angekusifia ndama mgonjwa mpaka umtamani! Sigara nayo haikumtoka mkononi.

Siku moja akanitolea ulimi. "Dada, hebu angalia hapa kando."

Kilikuwa kidonda kidogo, cheupe katikati, kingo nyekundu. "Ni mrija," nikamwambia. "Una haraka kama ng'ombe aliyeona maji." Tukacheka, nikampa maji ya chumvi asukutue.

Mwezi ukapita, kidonda kipo. Akipiga mswaki anatema damu. Mke wake akasema twende hospitali Kocholia.

Hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Nilimvuta kaka kando. "Ukienda huko useme umechomwa na ajono yangu, nani atakuja kukaa kwangu tena? Vumilia, itapona." Jirani yangu naye anapika, na maneno ya hapa yanakimbia kuliko bodaboda. Kaka akanitazama, akasema, "Sawa, dada." Akaenda kumwambia mke wake kidonda kimepoa.

Jamani! Mtu mzima alidanganya kwa ajili ya mtungi wangu.

Yakaja maumivu ya sikio, nikasema ni baridi. Ugali ukawa unamkwama, anaumeza na maji kama dawa. Bado sikumwambia aende hospitali.

Asubuhi moja akaingia akaniambia kitu, sikuelewa hata neno. Ulimi mzito. Nikamfokea mbele ya watu, "Umelewa wapi saa hizi? Nenda ulale!" Watu wakacheka. Hakuwa ameonja hata tone. Alinishika mkono, akauweka chini ya taya yake. Kulikuwa na uvimbe mgumu.

Hospitalini walimwangalia, wakamtuma hospitali kubwa. Huko wakakata kipande kidogo, wakapima. Saratani ya ulimi. Mimi sikujua hata ulimi unashikwa na saratani!

Daktari akatueleza kwamba ulimi ukichomwa na kitu cha moto hupona kwa siku chache. Kidonda kikipita wiki tatu lazima kionwe, hata kama hakiumi. Sigara na pombe zikikutana, hatari inazidi. Halafu akauliza kwa nini tulichelewa.

Walimkata karibu nusu ya ulimi, wakamchoma mionzi. Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Lakini sokoni hakuna anayemwelewa, na dalali asiyeeleweka ni mtu wa kukaa nyumbani. Mke wake hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Bado kaka anakuja kunisalimia, ila mrija hagusi. Juzi alikuwepo dereva wa lori aliyekuwa anangoja kuvuka mpaka. Kaka akamsalimia vile anavyoweza sasa. Dereva akacheka, "Huyu mzee ameanza mapema leo!"

Nikasimama na birika la maji ya moto mkononi. "Hajalewa, boss. Ni mgonjwa." Nikataka kuendelea, niseme ni nani aliyemchelewesha. Kaka akanitikisia kichwa. Mpaka leo ananifichia!

Basi aliyonikataza kuyasema pale, nimeyasema hapa.

Nyinyi wenzangu, nawasihi. Mtu wenu akiwa na kidonda ulimini kisichopona, au doa jeupe au jekundu lisilotoka, msiseme ni mrija, msiseme ni chai, msiseme ni jino. Mpelekeni. Acheni watu waseme wanachosema. Na akianza kuongea kama mlevi, kabla hujacheka, mnuse kwanza mdomo.