Kura Iliyosikika Kula

Kijiji chetu kilianza kama shamba la mzungu. Ngano tupu mpaka macho yanachoka, mti mmoja hapa, mwingine kule. Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wake. Mzungu alipoenda, shamba likakatwa vipande, watu wakaja kutoka Iguhu, wengine Maragoli, wengine makabila ya mbali, kila mmoja na jembe lake na kanisa lake. Zizi la farasi likawa shule. Hapo nilisoma hadi darasa la nne. Siku za mvua kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya farasi ambao sikuwahi kuwaona.

Tulikuwa wengi. Halafu zikaja zile siku za uchaguzi ambazo watu walichomeana nyumba. Wageni hupenda kusema "vurugu zilitokea," kama mvua. Hazikutokea. Zililetwa na watu, na wengine nawasalimia mpaka leo. Jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro ndiye alipanda paa langu akang'oa mabati. Mwenyekiti wa shule wa wakati huo ndiye alionyesha vijana nyumba za kuchoma. Mume wangu waliniletea amefunikwa blanketi. Wengi walikimbia wasirudi tena. Na waliobaki, watoto wao wanaenda chuo cha Sigalagala kujifunza kuchomelea vyuma, wakimaliza wanapotelea mjini.

Mwaka jana afisa wa elimu akasema watoto ni wachache, shule ifungwe, waende ile ya ng'ambo ya mto. Huo mto hauna daraja, ni gogo tu. Mjukuu ninayemlea bado mdogo, gogo likilowa hata mimi natambaa. Nikamwambia: "Ukifunga, uwe unakuja kumbeba wewe." Akasema basi wazazi na walezi tupige kura Jumamosi, lakini asipoona watu wa kutosha anafunga. Nikajua tumekwisha. Mikutano yetu haijaangi watu, maana aliyechoma na aliyechomewa hawakai benchi moja.

Mzee wa mtaa akapita na kipaza sauti juu ya bodaboda. Sasa sisi na hizo herufi mbili, r na l, mnatujua. "Jumamosi kuna kula shuleni! Kila mtu aje! Kula!"

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu na sahani zao, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa.

"Mzee, chakula kiko wapi?" mama mmoja akauliza.

"Chakula gani? Nilisema kula! Kula ya kuchagua!"

"Haya, mimi nachagua ingokho. Paja la kuku."

Tulicheka mpaka afisa akafunika mdomo. Lakini nikaona wengine wameanza kugeuka, nikapiga kelele: "Hakuna mtu kutoka! Tunapika!" Nikaleta unga, mwingine akaleta sukuma, mwingine sufuria kubwa ya matanga. Yule jirani wa mabati akaondoka, nikadhani amehepa. Kumbe anarudi na kuku wawili, miguu juu.

"Leo umekuja na kuku," nikamwambia mbele ya watu. "Siku ile ulikuja na nyundo."

"Mama, usiniaibishe."

"Aibu ulijiletea mwenyewe. Leta hao, maji yamechemka."

Akakaa chini akawanyonyoa mwenyewe, kazi ambayo wanaume wa kwetu hawafanyangi. Hakuna aliyemcheka.

Baada ya kula tukapiga kura kwa kuinua mikono, mikono bado ina mafuta. Yule jirani naye akainua wake, akasema wajukuu wake anawatoa shule ya kulipia kule Lumakanda, anawaleta hapa. Afisa akatazama uwanja wote, akasema shule inabaki.

Huyo jirani sijamsamehe. Lakini mkono wake niliutaka, na nilifurahi kuuona.

Jumatatu asubuhi wajukuu wake walipitia kwangu. Mkubwa wao akachungulia mlangoni.

"Kukhu, mjukuu wako bado anakunywa uji? Tutachelewa!"

"Ingieni mumngoje ndani," nikasema, nikatafuta vikombe vingine.