Nilidhani ni pombe

Msomaji wetu wa Lubumbashi ametuma haya. Jina lake linabaki kwetu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi commune ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nauza samaki wa Kasenga sokoni. Nina mdomo mkali, nakubali, na ndio ulioniponza.

Mwezi uliopita mume wangu alishikwa na grippe mbaya, mafua yenye kikohozi na homa, juu ya tension, presha ya damu aliyonayo siku zote. Siku ya nne nilipopita nyumbani midi, saa sita mchana, kuchukua beseni, nilimkuta kitini, mdomo umekwenda upande, maneno yanamtoka kama mlevi. Na alinuka lutuku, pombe kali aliyoapa mbele ya padri kuiacha. Nikawaka. "Si ulisemaka uliisha kuacha! Lala kwanza, tutasema wakati utakuwa muzima." Alininyooshea mkono mmoja. Niliusukuma, nikarudi sokoni.

Jioni nilimkuta sakafuni, upande wa kulia hausogei. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kanisani. Kumbe asubuhi alimpaka lutuku kifuani, dawa yetu ya kikohozi. Mume wangu hakuwa amekunywa hata tone.

Hospitalini daktari aliuliza, "Hii ilianza saa ngapi?" Aibu ikanishika. "Sasa hivi, docteur." Ndipo akaeleza kwamba virusi vya grippe vinaweza kuchangia damu kuganda na kuziba mshipa wa ubongo, hasa kwa mwenye tension, na kwamba mtu wa namna hii huletwa mara moja, bila kungoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mashemeji maelezo hayo hayajawaingia. Wanasema mama yao amemroga mtoto wake, juzi wamemwambia afungashe vitu. Naye anaamini. "Ni miye nilimuua mutoto wangu na hii lutuku," analia kutwa. Mimi nimenyamaza tu.

Jana mume wangu alitoa neno lake la kwanza: "Midi." Akarudia, "Midi, midi," akinitazama mimi. Mama yake akaruka kwa furaha. "Iko na njala! Anaomba chakula ya midi!" Akakimbia kusonga bukari.

Nilimlisha tonge kwa tonge, macho yake hayakunitoka. Nikisema, nyumba yangu imekwisha. Nisiposema, anafukuzwa mama asiye na kosa. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini, kabla hajapata neno la pili?