Mama Aliyeipa Televisheni Mgongo

Siku Kondo alipomwona Yustina kwa mara ya kwanza, mama yule alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya ukumbi wa kigango, Mlali, ameipa televisheni mgongo na macho ameyakaza kwa watoto. Televisheni ilionyesha vikaragosi vya nguo vikiimba herufi. Watoto, wale wadogo ambao hawajaanza darasa la kwanza, walikuwa wametulia mkekani. Yeye hakugeuka hata mara moja. Mapajani alikuwa na makopo mawili, na kila baada ya kitambo alitoa punje ya maharage kwenye kopo moja akaidondosha kwenye jingine.

Kondo alisimama dirishani na kapu lake la nyanya. Mtu anayeleta televisheni halafu haitazami, amefuata kitu kingine.

"Ni mwalimu," alisema Bonifasi, mlinzi wa ukumbi. "Hicho ni kipindi cha watoto, bado hakijatoka hewani. Wanaokitengeneza wanakijaribu kwanza kwa watoto wetu."

"Na maharage?"

"Hapo sasa. Mimi nimeajiriwa kufungua mlango, sikuajiriwa kuuliza maharage. Kamuulize mwenyewe, au mpaka tukutafutie mshenga?"

Kondo hakuuliza. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto; gulioni alikaa kutwa nzima asimwite mteja hata mmoja, na nyanya zake zilinunuliwa kwa sababu tu zilikuwa nyekundu. Lakini mkekani pale alikuwamo Pendo, mtoto wa dada yake Editha, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayeulizwa. Editha alifia hospitali ya mjini masika yaliyopita. Pendo aliambiwa mama ameenda gulioni, na aliyemwambia ni Kondo. Hakuona ubaya. Ndivyo watoto wadogo wanavyoambiwa, mpaka akili ikomae.

Basi kila televisheni ilipowashwa, Kondo alikuwa dirishani. Habari za yule mama alizipata kwa Bonifasi, kidogo kidogo, na kila moja aliigeuzageuza. Alizaliwa huko juu milimani, kwenye kijiji cha misheni, binti wa mkulima wa kabichi. Alifundisha watoto wadogo Kilakala, kule mjini, mpaka akastaafu. Mumewe, fundi wa reli, alikwishafariki. Nyonga ilimsumbua, kwa hiyo aliinuka kwa awamu, kama mtu anayefungua mwavuli mbovu. Soda za wazee wa kigango alizikataa, akala mihogo na watoto. Mmoja wao alipokojolea mkeka, aliufuta kwa kitenge chake mwenyewe. Hata hilo Kondo alilitia shaka. Nani anafuta mkojo wa mtoto wa watu bure?

Kisha akaanza kuona kwamba macho ya yule mama yanamrudia Pendo. Siku moja alisogeza kigoda karibu naye. Siku iliyofuata alimuuliza Bonifasi mtoto yule ni wa nani. Kondo alipoambiwa hivyo, akamzuia Pendo nyumbani.

Yustina akamfuata Kondo shambani, akichechemea kati ya matuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi umemficha."

Kondo aliendelea kufunga nyanya kwenye miti. Mama akasubiri. Kondo akamaliza tuta zima, na mama bado yupo.

"Maharage yale unahesabia nini?" Kondo akauliza hatimaye, bila kumtazama.

"Nahesabu macho."

Kondo akaiachia kamba. Yustina akacheka.

"Siyo ya kula, baba. Mtoto akitazama pembeni, nadondosha punje. Punje zikiwa nyingi, najua hapo kipindi kinachosha, wenye kipindi wakatengeneze upya. Mtu mzima ukimuuliza atakusifia tu. Mtoto hajui kusifia, macho yanaondoka. Sasa nikitazama televisheni, nitawaonaje wao?"

"Na Pendo?"

"Pendo hana punje. Hapepesi. Isipokuwa mahali pamoja. Yule ndege wa kwenye kipindi, Mama Kanga, akijitwika kikapu na kuwaaga vifaranga kwamba anakwenda gulioni, Pendo anainuka. Anakwenda kusimama mlangoni, anatazama barabara. Harudi mkekani mpaka mwisho. Nimerudia kipindi kile mara nyingi, na ni hivyo hivyo. Bonifasi ameniambia mama yake alifariki. Sijui mtoto mwenyewe ameambiwa nini."

Hapo ndipo Kondo alipoona mtego wote: kwanza useme mjomba hajui kulea, kisha uje na gari.

"Unataka kumchukua."

"Nimpeleke wapi, na nyonga hii?"

"Aliyekutuma unamjua wewe. Mtoto ana kwao."

Yustina alimtazama kwa muda, kama alivyowatazama watoto, kisha akaondoka taratibu.

Siku ya gulio Kondo alirudi jioni mapema, kapu tupu mkononi, andazi mfukoni. Pendo alikuwa amesimama kando ya barabara kama kawaida yake. Siku zote Kondo aliona raha kumkuta pale. Alijua anangojwa yeye. Safari hii, bila kutaka, aliyatazama macho ya mtoto. Macho yalimgusa, yakampita, yakaenda kwa wanawake waliokuwa wakija nyuma yake na vikapu kichwani. Yakawakagua mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ndipo Pendo akanyoosha mkono kupokea andazi.

Kondo akalihamishia kapu mkono wa pili, wakaenda nyumbani.

Kiangazi kilipokolea, Yustina alirudi Mlali kwa siku moja, na kipindi kilichorekebishwa. Kondo alimpeleka Pendo mwenyewe. Hakusimama dirishani; aliingia akakaa nyuma, naye akaipa televisheni mgongo nusu. Mama Kanga akajitwika kikapu. Pendo akainuka, akaenda mlangoni. Kisha vifaranga wakapiga kelele za furaha, mtoto akageuka. Mama Kanga alikuwa amerudi, kikapu kimejaa mahindi. Pendo akarudi mkekani akaketi. Akamgeukia mjomba wake akitabasamu, meno yote nje. Kondo hakuweza kuendelea kumtazama.

Watoto walipotoka, alimfuata Yustina kwenye gari.

"Nilikushuku tangu siku ya kwanza," alisema. "Na sasa ndiyo umeniharibia kabisa. Ataona na mama yake atarudi."

"Ulimwambia ameenda gulioni?"

"Nilimwambia gulioni."

Yustina aliketi kwanza, akauvuta mguu mbaya kwa mikono miwili mpaka ukaingia ndani ya gari. Dereva akawasha.

"Yule wa kwenye televisheni tumeweza kumrudisha, baba," alisema. "Huyu wa kwenu hatuwezi. Mwambie leo, umshike mkono, na akilia usimnyamazishe."