Ushuhuda Usio Wangu

Kuna watu Kitengela ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara, na siwalaumu, maana ningekuwa wao ningevuka mapema zaidi.

Ilikuwa miaka ile dawa za ukimwi zilipoanza kutolewa bure. Mimi nilikuwa nachonga mawe machimboni, mtu wa kukaa hapa miezi mitatu na kuhamia pale, na kwa sababu shule niliiacha darasa la sita nilikuwa na njaa ya kusikia watu wakifundisha, semina yoyote ya afya ikija niko mstari wa mbele (soda ya bure pia ilisaidia, nisidanganye), mpaka maneno ya walimu nikayajua yote kwa kichwa.

Siku hiyo walikuja machimboni kufundisha kuhusu ukimwi, na mwanamume aliyepaswa kutoa ushuhuda, anayeishi na virusi kweli, hakutokea. Dada aliyeongoza semina akanivuta kando.

"Wewe unajua kuongea. Si usimame tu badala yake? Watu wapate mafunzo."

Ilipaswa niseme hapana. Nikasema, "Sawa, dada."

Nikashika maikrofoni na, Mungu anisamehe, nilikuwa mzuri. Nilikonda, nikaharisha, nikafukuzwa na ndugu zangu (sina hata ndugu), kisha nikaanza dawa, nguvu zikarudi, nikalia machozi ya kweli. Wanaume wenye vumbi mpaka kwenye kope waliinamisha vichwa. Halafu akasimama Mama Naisula, aliyekuwa akituuzia chai na maandazi.

"Kijana wangu, umenipa nguvu. Hata mimi niko nayo. Mwaka wa pili sasa, sijaambia mtu, na dawa sijaenda kuchukua. Kesho twende hospitali, wewe na mimi."

 Hapo Wafula, tuliyelala naye chumba kimoja, akapasua kicheko huko nyuma.

"Ati nini? Huyu? Mama, huyu ni mwongo! Si juzi alituonyesha karatasi ya kupimwa akijigamba ni mzima? Itoe, bwana, iko mfukoni!"

Watu wakacheka. Nami, maikrofoni ikiwa bado mdomoni, nikajibu, "Lakini ushuhuda ulikuwa wa mafunzo tu!" Spika zikaupeleka ujinga wangu mpaka barabara ya Namanga. Wakacheka zaidi, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu wote walikumbuka kwa pamoja kwamba mmoja wetu hakuwa akiigiza, na macho yakanihama yakaenda kwake.

Kesho yake birika lake lilikaa limejaa mpaka saa sita. Nilinunua vikombe vinne mimi peke yangu, nikanywa mpaka tumbo likauma, nikamwambia twende hospitali kama alivyosema.

"Niende na nani?" akasema, bila kunitazama. "Wewe uliweka maikrofoni chini ukarudi kuwa mzima. Mimi nilirudi kuwa nini?"

Wiki hiyohiyo akahamia kwa dada yake Loitokitok. Kama aliwahi kupata dawa, sijui. Niliuliza, lakini nani angeniambia mimi?

Baadaye wale wa semina walinitafuta tena, niende nao Kajiado mjini, wakasema nina kipaji. Najua ninacho. Nimeapa nitazikwa nacho.