Matundu ya Sindano ya Akinyi

Nakumbuka siku moja kuliko hata ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na kwa kuwa kesho unakwenda Homa Bay kupanda meli ukajifunze kushona mablanketi ya viraka, keti nikusimulie. Chai ikipoa, ipoe tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani wa Suna, na kwa kujisifu hakuna aliyenipita. Nikiona mshono uliopinda, mkono uliniwasha. Mwaka huo kikundi cha kina mama kilikodi meli ya kuzunguka visiwa kwa siku mbili, na humo ndani kukawa na darasa la viraka. Mwalimu alikuwa Bi Salma, mwuza vitambaa wa Migori mjini, mzaliwa wa Pwani. Mimi nilichofuata ni meli tu. Nani angenifundisha kushona, mimi?

Tulipofika gatini, kiburi kilininywea kidogo. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa namna ile kikikaa juu ya maji: chuma kitupu, chenye ngazi na jiko na vyumba, kimetulia ziwani kama kuku anayeatamia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Niliuweka mkono ubavuni mwake, ukatetemeka kwa injini, nami nikatetemeka nao. Lakini kiburi ni magugu, mwanangu; hupalilii mara moja ukasema nimemaliza.

Darasa lilifanyika katika chumba cha kulia, chenye madirisha pande zote. Aliyeketi karibu nami aliitwa Mama Akinyi, mkulima wa Nyatike, viganja vyake vigumu kwa jembe. Hata kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho. Alikuja na kazi iliyokwisha kuanzwa: viraka vya sare ya shule ya buluu na vitenge, vimeunganishwa kwa mkono, mishono ikiyumba kama njia ya ng'ombe wanaorudi kutoka mnada wa Ogwedhi. Nikadhani ni kazi yake mwenyewe, nikamhurumia. Huruma ya mtu anayejiona bora ni kitu kibaya sana, lakini hilo nililijua baadaye.

Saa nne hivi wakapiga kelele kwamba kisiwa cha Rusinga kinaonekana, na wote wakatoka kutazama. Mimi nikabaki. Nikasema moyoni, ngoja nimsaidie huyu mama. Nikatoa wembe wangu, nikafumua mistari mitatu ya mishono ile, tk, tk, tk, na uzi nikauviringisha nikautupa ziwani kupitia dirishani. Fundi hodari akishafumua hupiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, matundu ya sindano yakajifunga, usijue kama kuna aliyepita hapo. Nikatafuta pasi. Mpishi wa meli akaniambia nahodha amekataza pasi za makaa melini. Nikanuna, nikaanza kupima kwa chaki.

Mama Akinyi akarudi, akasimama.

"Nani amefungua hii kitu yangu?"

"Ni mimi, mama," nikasema kwa furaha. "Ilikuwa imepinda. Nitakushonea iwe sawa kabisa."

Akaketi polepole. "Hiyo ilikuwa ya Akinyi. Msichana yangu. Alianza kushona akiwa mgonjwa, na hakumaliza. Mimi nimekuja hapa nijue kumalizia." Akaupapasa upindo mtupu. "Sasa umetoa mkono yake."

Hakupiga kelele. Laiti angenizaba kofi! Nilipiga magoti nikasema nisamehe, mama, na huku najua maji yakimwagika hayazoleki. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena.

Bi Salma alikuja, akaelezwa. Akanigeukia.

"Binti, una macho ya kuona mshono, huna macho ya kumwona mtu. Ulimi ulikuwa nao. Kuuliza 'hii ni kazi ya nani' kungekupunguzia nini?"

Kisha akakichukua kitambaa, akakinyoosha dirishani, mwanga wa ziwa ukapiga kwa nyuma.

Mwanangu, nikilisema hili nywele bado zinanisimama. Kila tundu la sindano lilipitisha mwanga. Vitone vidogo sana, vikipanda, vikishuka, vikikaribiana, vikiachana. Uzi ulikuwa umeshazama ziwani, lakini mkono wa yule binti ulikuwa wote pale, kila mahali ulipopita. Hata mama mmoja aliyekuwa akitafuna njugu aliacha.

Nikaokota sindano mbio nirekebishe kosa langu. Mama Akinyi akanishika mkono.

"Hapana. Nipe mimi."

"Pita alipopita yeye," Bi Salma akamwambia.

Akaanza. Yule asiyejua kushona aliingiza sindano tundu baada ya tundu, bila kuruka hata moja. Katikati ya mstari wa pili akaanza kusema, bila kututazama, macho kwenye kitambaa tu.

"Hapa alikuwa amechoka. Ona, mashimo ziko mbali mbali." Akashona kidogo. "Hapa amepata nguvu. Hii ni ile siku alikunywa uji yote."

Mimi kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi. Nilimtungia mpaka tukafika kisiwa cha Mfangano, na sijawahi kufanya kazi kubwa kuliko ile. Mistari mitatu ilirudi, imepinda vile vile. Kisha Mama Akinyi akaunganisha kiraka kipya, mstari wake mwenyewe wa kwanza, nao ukayumba kama ile mingine. Akauweka karibu na ya binti yake, akacheka machozi yakimtoka.

"Ona," akaniambia mimi niliyemkosea, "tumefanana."

Basi, mwanangu, kesho utapewa sindano na wembe. Sindano itumie utakavyo. Wembe, kabla hujaugusisha kazi ya mwenzako, uliza kwanza ni mkono wa nani. Na si kwenye vitambaa tu. Utaolewa, utakuta nyumba ya watu imepangwa ovyo kwa macho yako. Utapewa kazi iliyoachwa na mwingine. Usikimbilie kunyoosha. Kuuliza si ujinga, na vingine vimepinda kwa sababu aliyevitengeneza alikuwa anajikaza.

Nenda salama, ziwa likubebe vizuri na likurudishe. Mungu aibariki mikono yako ishone mengi. Na siku mikono hiyo ikipumzika, atakayeikuta kazi yako aishike kwa upole, aulize jina lako kabla ya kutoa wembe.