Televisheni Iliyowashwa kwa Lori

Jua la asubuhi limefika mezani kwa Bi Waya. Ameinamia mgongo wa televisheni kuukuu, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, mkononi ana brashi ya kupakia rangi. Anapangusa vumbi taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Hili si vumbi la barabarani," anasema bila kuinua kichwa. "Ni laini kama poda ya mtoto. Umeme wa kioo ndio uliolivuta, chembe kwa chembe, kila walipokuwa wakitazama. Kwa hiyo hapa napangusa jioni za watu."

Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Feni zisizo na mapanga zinaning'inia darini, pasi zimepangwa chini. Jina la Bi Waya alipewa na wateja, na sasa hata mumewe humwita hivyo akiwa na shida ya jambo.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio. "Nilimshikia tochi miaka na miaka," anasema, "mpaka nikaanza kumulika mahali ambapo yeye hajapaona."

Riziki yake ni chaja, pasi na feni. Televisheni za zamani humjia tatu au nne kwa mwaka. "Chaja zinalipa pango. Hizi ndizo zinazonifanya niamke."

Hii iliyoko mezani ililetwa na mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, imefungwa kwa shuka kama mgonjwa. Mkunga alisema imepoteza plagi tu, afungiwe nyingine akae nayo sebuleni.

Bi Waya aliizungusha aone mgongo wake. Waya wa nyuma ulikuwa mnene kama kidole gumba, na mwisho wake haukuwa wa kuchomekwa ukutani. Ulikuwa na kichwa cha duara chenye meno saba.

"Nikamwambia, dada yangu, hii haijapoteza plagi. Imepoteza sanduku lake la umeme."

Televisheni za aina hiyo hazikula umeme wa ukutani moja kwa moja. Zilikuja na sanduku la chuma lililopokea umeme wa nyumba, au wa betri ya gari, kisha likaugawa: kidogo cha sauti, kingine cha kupasha moto taa za ndani, na mwingi wa picha. Kila jino na kiasi chake.

"Ningeweza kubahatisha," anasema. "Lakini nikikosea jino moja, kioo kinaungua, na kioo kama hiki siku hizi hukipati. Hapo ningekuwa nimeua."

Ndipo mkunga alipokaa kwenye kigoda cha wateja akasimulia. Baba yao alikuwa dereva wa lori, na nyumba yao haikuwa na umeme. Akirudi safari, aliegesha lori chini ya dirisha, akapitisha waya ndani, na picha ikaja. Akiondoka, picha iliondoka naye.

"Watu wengine walikuwa na ratiba ya vipindi," mkunga alimwambia. "Sisi ratiba yetu ilikuwa baba."

Sanduku lilikaa chini ya kiti cha lori. Baba alipofariki, mkunga alibaki na nyumba na vilivyomo. Mdogo wake wa kiume, seremala, alirithi lori, na siku moja akaliuza bila kumwambia mtu. Mkunga alizipata habari kwa aliyelinunua. Tangu hapo, karibu miaka kumi na miwili, ndugu hao wakikutana njiani kila mmoja hukumbuka ghafla kuangalia simu yake.

"Nikamuuliza, umeshamuuliza mdogo wako kama analo hilo sanduku? Akaanza kutafuta mkoba wake, na mkoba ameuvaa begani."

Bi Waya akaenda mwenyewe. Alibeba kigoda chenye mguu unaocheza, ili asionekane mmbeya. Pale karakana, juu ya mbao zilizopakwa gundi, palikuwa na sanduku la chuma lenye tundu la duara ubavuni. Aliliona kabla hata hajatoa salamu.

"Nililitoa siku lori linapelekwa kwa mnunuzi," seremala alimweleza. "Vingine vyote niliviacha. Hili ni zito, linanifaa kukandamizia mbao."

"Uzito si hata jiwe linao?" Bi Waya alimuuliza.

Seremala aliendelea kupiga randa. Baadaye sana akasema, "Lichukue ulitengeneze. Ila siku ya kuwasha, na mimi nitakuwepo."

Bi Waya alimpigia mkunga na kumweleza hivyo hivyo, bila kupamba. Mkunga akasema, "Mwambie asichelewe."

Ndani ya sanduku, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba na kuvuja, na ganda la nyaya lilikatika kama biskuti. Alibadilisha kimoja kimoja, akapima kila jino kwa mita, akaandika vipimo kwa chaki mezani. Leo ndiyo siku ya kuwasha.

Alasiri, ndugu wawili wanaingia mmoja baada ya mwingine. Wanasalimiana kwa sauti ya watu walio msibani. Mkunga anakaa kwenye kigoda, seremala anasimama mlangoni.

Bi Waya ameunga balbu ya kawaida kwenye njia ya umeme. Ikiwaka na kubaki hivyo, kuna hitilafu. Ikiwaka na kufifia, mambo ni mazuri. Anabonyeza swichi. Balbu inang'aa, inasita, inafifia hadi rangi ya kaa la moto.

Sanduku linaanza kuvuma chini chini, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Kwenye kioo kunatokea weupe, kama tone la maziwa kwenye maji, unatanda bila haraka. Hakuna kituo kinachorusha tena matangazo ya kunaswa na mtambo wa zamani kama huu, kwa hiyo Bi Waya ameuunganisha na king'amuzi chake. Anatokea mwanamke wa rangi ya majivu akionyesha mawingu kwenye ramani. Hakuna anayesikiliza mvua itanyesha wapi.

Kisha picha inaanza kusinyaa pembeni.

"Baba, washa," seremala anasema, taratibu.

Bi Waya anageuka, hajaelewa. Mkunga ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Betri ikichoka picha ilikuwa inasinyaa hivyo," mkunga anaeleza. "Baba alikaa ndani ya lori, na huyu alisimama dirishani amwambie awashe injini. Hakuwahi kutazama kipindi. Alikuwa analinda kingo tu."

Seremala anatazama sakafu. "Lori lilikuwa haliwaki tena, dada. Tulilisukuma kwa mikono mpaka kwa mnunuzi. Sikutaka ulione vile."

"Ungeniita nikaja kusukuma na mimi."

Bi Waya anajifanya ana kazi nyuma ya televisheni. Anazungusha skrubu moja kidogo sana, na picha inajaa tena hadi pembeni. Seremala anasogea, anapapasa ubao wa kasha ulioanza kubanduka, anasema ataupiga msasa yeye mwenyewe. Mkunga anasogea kwenye kigoda, ampe nafasi.

Wakishaondoka, Bi Waya anamimina chai na kuongea kuhusu kinyozi wa jirani, anayehama mwisho wa mwaka. Anataka kukichukua chumba atakachokiacha. Ana televisheni tatu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Ataziweka huko pamoja na viti vichache, na mtu yeyote akipita mchana aingie akae.

"Mume wangu ananiuliza, hao watu watakuja kutazama nini," anasema, akipuliza chai. "Nimemwambia watatazama zinavyowaka."